Timazi Ndani ya Ndoo ya Mafuta

Nilipoingia kwa mara ya kwanza ndani ya meli iliyokuja kunichukulia Jumamosi zangu zote kwa miaka 6, kilichonipokea hakikuwa kutu wala giza, bali harufu. Chini kabisa ya falka, yaani tumbo la meli la kuwekea mizigo, mahali ambapo mbao za sakafu zilikuwa zimekwisha kung'olewa, yalituama maji meusi yaliyochanganyika na dizeli, nafaka iliyooza na vumbi la saruji, na harufu yake ilikuwa ile ile ya ngama ya majahazi ya mjomba wangu kule Nungwi, Unguja, nilikozaliwa. Ilikuwa Machi 2012, nami nilikuwa Hamburg, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, nikiwa nimeletwa pale na jirani yangu mpiga fidla, aliyeniambia kwamba yeye na wenzake wamenunua meli na wanatafuta mtu anayejua kuchomelea chuma. Kazi hiyo ya kuchomelea niliifanya kwa mshahara siku 5 za juma. Sikutarajia kuifanya bure siku ya sita.

Meli yenyewe sitaitaja jina, kwa kuwa wenzangu hawapendi kuandikwa. Ni chombo kidogo cha mizigo ya pwani kilichoundwa mwaka 1957, urefu wake mita 46, ambacho kwa zaidi ya miaka 30 kilibeba nafaka, mbao na saruji kati ya bandari ndogondogo za Bahari ya Kaskazini na Baltiki. Vyombo vya namna hiyo viliangushwa na makontena. Meli iliyokuwa ikipakiwa gunia kwa gunia, kwa winchi na kwa mabega ya watu, haikuweza kushindana na meli kubwa inayoshusha masanduku ya chuma usiku mmoja na kuondoka zake, na ndiyo sababu bandari za Ulaya zilikuja kujaa vyombo vilivyokuwa bado vizima lakini havina kazi, vyenye matumbo makubwa matupu yasiyo na nguzo katikati. Msanii akiliona tumbo kama hilo huona ukumbi.

Hatukuwa wa kwanza kuliona. Bristol, Uingereza, ipo Thekla, meli ya mizigo iliyoundwa Ujerumani mwaka 1958, ikaja kutelekezwa Sunderland, kisha mwaka 1983 ikapelekwa Bristol na mwanamuziki Vivian Stanshall na mkewe Ki Longfellow-Stanshall, wakaigeuza jumba la maonyesho. Muziki unapigwa humo hadi leo. Budapest, katika Mto Danube, ipo A38, iliyokuwa meli ya kubebea mawe kutoka Ukraine na kufunguliwa kuwa ukumbi mwaka 2003. Hapo hapo Hamburg ipo Stubnitz, iliyoundwa Stralsund mwaka 1964 kwa ajili ya uvuvi wa bahari kuu wa Ujerumani Mashariki, ambayo tangu mwaka 1992 mashimo yake yaliyokuwa ya kuhifadhia samaki yamekuwa ya matamasha. Zote tatu nilizitembelea, nikanunua tiketi kama mtu mwingine yeyote, nikasikiliza muziki na kutoka nikiwa nimefurahi na kupotoshwa, kwa sababu mgeni wa muziki huonyeshwa kila kitu isipokuwa kilicho chini ya sakafu anayoichezea.

Kosa letu la kwanza lilitokana na furaha hiyo. Tulianza na michoro ya jukwaa. Miezi mitatu ya mwanzo ilipita katika mabishano kuhusu mahali pa kukaa wapiga muziki, rangi ya viti, na kama baa iwe omo, yaani mbele, au tezi, yaani nyuma, ilhali hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amegonga ubavu wa meli kwa nyundo. Aliyetuzindua ni mzee mmoja kati yetu, mhandisi mstaafu wa mitambo ya meli, mtu wa maneno machache, ambaye asubuhi moja alishuka kwenye falka na nyundo ndogo yenye ncha, akawa anagonga bamba baada ya bamba na kutega sikio. Chuma kizima hulia kama kengele. Chuma kilicholiwa hutoa sauti ya mtungi uliopasuka. Alipofika usawa wa mstari wa maji, upande wa kushoto, kengele zilinyamaza. Akagonga tena kwa nguvu kidogo zaidi, na ncha ya nyundo ikapenya, na tukaona mwanga wa mchana, mdogo kama punje ya mtama, ukiingia kutoka nje.

Baadaye tulikuja na kipimo cha mawimbi ya sauti, kile kinachobandikwa juu ya chuma na kusoma unene wake, na hesabu ilikuwa mbaya kuliko tulivyodhani. Mabamba yaliyokuwa na milimita 9 wakati meli inaundwa yalikuwa na 5, na mahali pengine 3. Cha ajabu kwa wenzangu, ingawa si kwangu, ni kwamba chini kabisa, karibu na mkuku, ule uti wa chini wa meli, chuma kilikuwa kizuri. Kilichokwisha ni ule mkanda unaolowa na kukauka, kulowa na kukauka, kwa kuwa kutu huhitaji maji na hewa pamoja, na kwenye mkanda huo hupata vyote viwili bila kusubiri. Mjomba wangu asingekuwa na haja ya kipimo. Kila alipopweleza jahazi kwenye bamvua, mkono wake ulianzia hapo hapo, kwenye maungio ya mbao za usawa wa maji, akitafuta kalafati, yaani pamba ya kuziba maungio, iliyolegea kabla ya kupaka deheni ya chokaa na mafuta upande wa chini.

Hapo ndipo tulipopata ushawishi wa njia ya mkato. Mtu mmoja wa kazi hizo alituambia kwamba tunaweza kuchomelea bamba jipya juu ya lile bovu, kazi ya juma moja, bila kukata kitu. Nami nakiri kwamba nilikuwa tayari kukubali, maana kukata bamba bovu, kulitoa, kunyoosha mataruma, zile mbavu za meli zilizo nyuma yake, na kuingiza jipya ni kazi ya kutoa jasho hata kwenye theluji. Mzee alikataa. Maji, alisema, yatapata njia ya kuingia kati ya bamba mbili, yatakaa humo gizani, na mkaguzi atakayekuja baada ya miaka 5 atapima bamba zuri na kuandika kwamba meli ni nzima huku ikioza ndani kwa ndani. Tulikata. Tulipelekwa kwenye chelezo, mahali meli hutolewa majini ili itengenezwe, kwa majuma 5 badala ya mawili, na kwa kuwa chelezo hulipiwa kwa siku, fedha zote zilizotengwa kwa taa na vipaza sauti ziliishia pale, kwenye chuma ambacho hakuna mtazamaji atakayekiona.

Nitaje na kosa langu mwenyewe, ambalo bado linanitoa usingizini mara mojamoja. Mwaka wa pili nilikuwa juu ya sitaha nikichomelea mguu wa ngazi mpya, na ndani, upande wa pili wa chuma kile kile, kulikuwa na chumba cha mabaharia kilichofunikwa kwa mbao na kizibo cha gome, yaani gome jepesi la mti la kuzuia baridi, tangu meli ilipoundwa. Tulikuwa tumeweka mlinzi wa moto humo ndani, kijana mwenye ndoo na kizimamoto, kama inavyotakiwa. Nilipomaliza nilimwita aje anisaidie kushika ngazi. Tukaifunga, tukanywa chai. Dakika 20 baadaye jirani yangu alisema ananusa kitu kama kahawa iliyoungua. Hapakuwa na miali, ni moshi mwembamba tu uliokuwa ukitoka kwenye kiungo cha mbao, na tulipozing'oa kwa mtaimbo tulikuta kizibo kimekuwa jekundu nyuma yake, eneo la kama sinia ya pilau, kikila polepole kuelekea juu. Ndoo 2 za maji zilitosha. Tangu siku hiyo, kila mara ninapozima mashine ya kuchomelea, mlinzi wa moto hukaa saa nzima mahali pake, na hata kama mfalme wa Ujerumani angekuwapo na kumwita, asingeondoka.

Lakini jambo lililonifundisha zaidi kuhusu tofauti kati ya meli na nyumba lilikuwa jaribio la kuinamisha. Meli ya mizigo huchorwa kwa kukisia kwamba uzito utakuwa chini, ndani ya falka. Sisi tulikuwa tunafanya kinyume: tumbo limejaa hewa, watu wamesimama juu ya sakafu iliyoinuliwa, na juu ya sitaha tumeweka paa, taa na meza. Jahazi lisilo na shehena hutiwa farumi ya mawe, yaani uzito wa kulituliza majini, na hilo hata mtoto wa Nungwi analijua. Swali lilikuwa farumi kiasi gani. Mhandisi wa meli aliyekuja kutupimia alichagua asubuhi isiyo na upepo, akaagiza kamba za gatini zilegezwe, akatufukuza wote isipokuwa watu 4, kisha akaning'iniza timazi ndani ya falka, uzi mrefu wa mita 4 hivi wenye kipande cha chuma mwishoni, na kitako chake akakitumbukiza kwenye ndoo ya mafuta mazito ili kisipwaye. Nyuma ya uzi aliweka rula. Tukahamisha vipande vya chuma vyenye uzito unaojulikana kutoka upande mmoja wa sitaha kwenda upande wa pili, na kila tulipovihamisha uzi ulisogea milimita kadhaa juu ya rula, taratibu, kama mtu anayefikiri kabla ya kujibu. Kutokana na milimita hizo alipata mahali ulipo uzito wa meli nzima.

Nilisimama pale nikiutazama uzi nikiwa na furaha ya kitoto, kwa sababu timazi nilikuwa nikiiona mikononi mwa waashi tu, ikiulizwa kama ukuta umesimama wima. Hapa ilikuwa inaulizwa kama meli itarudi wima baada ya kuinama, na hilo ni swali jingine kabisa. Jibu lilikuwa kwamba tulihitaji tani 30 za farumi. Kuna waliopendekeza tumimine zege chini ya falka, rahisi na ya kudumu. Tulikataa kwa sababu ile ile tuliyokataa bamba juu ya bamba, maana zege huficha chuma na kufuga maji. Tulitumia vipande vya chuma cha kusubu vinavyoweza kunyanyuliwa na watu 2, ili kila mwaka tuvitoe, tuone kilicho chini yake na kuvirudisha. Migongo yetu inaijua gharama ya uamuzi huo.

Halafu ikaja hesabu ya watu. Kila mtu huhesabiwa kuwa na kilo 75, na hawahesabiwi wakiwa wamekaa vizuri kwenye viti vyao, bali wote wakiwa wamekimbilia upande mmoja. Nilidhani huo ni woga wa karatasi hadi nilipoona, Mei iliyofuata, sherehe ya kila mwaka ya kuzaliwa kwa bandari ya Hamburg, fataki zikipasuka juu ya mto na kila mtu aliyekuwa ndani ya kila chombo akielekea ubavu ule ule kwa wakati ule ule. Tulikuwa tumeota watazamaji 250. Tuliruhusiwa 120, na hao ni baada ya kukata tundu la ngazi ya pili kwenye sitaha, kwa kuwa falka iliyotengenezwa kwa ajili ya magunia ilikuwa na ngazi moja tu ya kuning'inia, na gunia halihitaji kukimbia moto. Fedha za tiketi 120 si fedha za tiketi 250. Kuanzia siku hiyo hesabu zetu zote zilibadilika, na watu 3 walijitoa, bila ugomvi.

Tulifanya onyesho la kwanza la majaribio Novemba 2015. Nilikuwa nimeomba, na nikakubaliwa, kwamba tualike kikundi kidogo cha taarabu kilichokuwa safarini Ulaya: udi, fidla 2, kanuni na mwimbaji. Nje nyuzi joto zilikuwa 4. Ndani watu 90, makoti yaliyolowa, na mashine za joto zilizowashwa saa moja tu kabla ya wageni kuingia. Nyimbo 2 za mwanzo zilikwenda vizuri. Katikati ya wimbo wa tatu nilimwona mpiga kanuni akiinua uso na kutazama juu, kisha akafuta kitu mkononi mwake. Tone jingine likaangukia ubao wa kanuni. Chuma cha dari kilikuwa kinatoka jasho: pumzi ya watu 90 ilikuwa ikipanda, ikigusa chuma kilichopoa usiku kucha, na kurudi chini kama mvua.

Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, na daraja la nyuzi hizo hukaa juu ya vipande vya ngozi. Ngozi ikinyonya unyevu hulegea, na ikilegea nyuzi zote hushuka, kila moja kwa kiasi chake. Maalim yule, mzee wa heshima zake, alisimamisha wimbo, akaomba radhi kwa watu kana kwamba kosa ni lake, akaanza kurekebisha nyuzi moja baada ya moja kwa ufunguo wake mdogo huku mpiga udi akiwaburudisha watu kwa taqsimu, muziki wa kubuni papo hapo, isiyokuwamo kwenye ratiba. Wajerumani walidhani ni sehemu ya onyesho na wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye ngazi nikitamani kuzama peke yangu.

Baada ya onyesho nilimwendea kumtaka radhi. Nikamwamkia, akaitikia, akanishika mkono akasema, "Mwanangu, nyinyi mmejenga chombo kizuri, lakini mmekifunika kama sufuria." Hakuna mtaalamu aliyewahi kutueleza tatizo letu kwa ufupi zaidi. Mwaka uliofuata tulivisha dari na kuta vitambaa vya kuzuia baridi, kwenye fremu zinazofunguliwa kwa skrubu ili chuma kiendelee kukaguliwa, tukaacha nafasi ya hewa nyuma yake, tukaweka feni zinazovuta hewa nzito kutoka chini, na sasa joto huwashwa tangu alfajiri ya siku ya onyesho. Vitambaa hivyo vilileta faida ambayo hatukuitafuta: mwangwi wa chuma, uliokuwa ukimfanya kila msemaji asikike kama yumo ndani ya tangi, ulipungua, na watu wa tamthilia waliokuwa wametukimbia wakarudi.

Mabishano yaliyobaki yalikuwa juu ya nini kihifadhiwe, na hayo sidhani kama yataisha. Wasanii wengi wangependa falka iwe kisanduku cheusi kisicho na historia, na watu wa meli za kale wangependa kila skrubu ibaki ilipokuwa mwaka 1957, hata ile iliyowekwa vibaya. Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya injini. Ilikuwa haijawaka kwa miaka mingi, imekalia nafasi kubwa ya tezi, na mahali pake pangetosha vyumba vya kuvalia na vyoo. Siku ya kura niliwasimulia habari za meli ya Liemba. Iliundwa Papenburg, mwendo wa saa chache tu kutoka pale tulipokaa, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa ndani ya masanduku hadi Kigoma na kuunganishwa upya huko. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha katika Ziwa Tanganyika isiangukie mikononi mwa adui, lakini mafundi walioizamisha waliipaka mitambo yake grisi nene kabla ya kuitosa. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ilikuwa inasafiri tena. Niliwaambia kwamba mtu aliyepaka grisi ile hakujua ni nani angekuja kuifaidi, na kwamba sisi tulikuwa na nafasi ya kufanya kama yeye. Tulishinda kwa kura 2. Injini ipo, imepakwa grisi, na vyoo vipo gatini, jambo ambalo wageni hulilalamikia kila wikendi na wana haki.

Wengi hushangaa kusikia kwamba meli bado ina kamba zinazopaswa kuangaliwa usiku. Hamburg iko mbali na bahari, lakini maji ya Elbe hujaa na kupwa kwa zaidi ya mita 3, yaani hayatofautiani sana na ya kwetu Unguja, na mara mbili kwa siku meli, gati linaloelea na daraja la kupandia hupanda na kushuka pamoja. Onyesho lililoanza daraja likiwa tambarare huisha likiwa limeinama kama paa, na bibi aliyeingia bila fimbo huhitaji mkono wa mtu kutoka. Kwa hiyo ratiba yetu ya matamasha hupangwa majedwali ya kujaa na kupwa kwa maji yakiwa pembeni, na mimi ndiye niliyeombwa kuyasimamia, kwa hoja kwamba nimezaliwa pwani. Sikuwaambia kwamba Nungwi nilikuwa nayatazama maji kwa macho tu, sikuwahi kufungua jedwali.

Nilimaliza zamu yangu rasmi mwaka 2018, lakini kabla ya kila onyesho hushuka kwenye falka saa moja mapema. Huwa nafungua kifuniko kidogo karibu na mkuku, naingiza tochi, kisha natumbukiza ufito mwembamba wa mbao niliouchonga mwenyewe. Vali zinazopitisha maji ya mto kwenye ubavu nazigusa moja moja kwa mkono, kwa sababu meli nyingi zilizokufa zikiwa zimefungwa gatini ziliuawa na vali au bomba bovu, usiku, bila dhoruba yoyote. Juu yangu husikia viti vikiburutwa, mtu akijaribu kipaza sauti, moja, mbili, moja, mbili, na wakati mwingine fidla ya jirani yangu. Jumamosi iliyopita ufito ulitoka umelowa vidole 3. Juma lililotangulia vilikuwa 2. Niliwasha pampu, nikaandika daftarini, nikaanza kugonga.